Neno la Shahidi Kuvuka Ruvuma: Lugha, Ushahidi na Ushirikiano wa Kimataifa katika Kushtaki Uhalifu wa Kivita wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna maneno ya mashahidi wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji yalivyochukuliwa, kufasiriwa na kutumiwa katika mashauri yanayovuka mipaka, kuanzia shauri la meli ya Charles et Georges la mwaka 1857 hadi vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwaka 2017. Yanadai kwamba ushirikiano wa kimataifa katika kushtaki uhalifu wa vita hivyo hautaamuliwa na mikataba peke yake. Utaamuliwa pia pale maelezo ya kwanza ya shahidi yanapotoka katika lugha yake na kuingia katika lugha ya faili. Mifano ya kiisimu inatolewa kutoka Kiswahili, pamoja na uzoefu wa mahakama za Arusha na The Hague.

Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Tangu siku hiyo pwani inayoanzia visiwa vya Quirimbas hadi mdomo wa Mto Ruvuma imekuwa uwanja wa vita. Aprili 2020 vijana waliuawa katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe. Polisi walitaja idadi ya 52. Agosti mwaka huo Mocímboa da Praia ilitwaliwa, ikabaki mikononi mwa waasi hadi Agosti 2021, ilipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Kabla ya ukombozi huo, tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma ulikuwa umeshambuliwa. Kufikia mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao.

Maandishi kuhusu vita hivi ni mengi. Sehemu kubwa inahusu asili yake: gesi, umaskini, itikadi, siasa za nasaba na ardhi. Wataalamu wa sheria nao wameanza kuuliza ni mahakama gani itakayosikiliza makosa yaliyotendwa, na nchi gani itamkabidhi nani kwa nani. Swali ninalolileta katika makala haya liko chini ya hayo yote. Mvuvi wa Palma au mama wa Quissanga atakapoeleza alichokiona, maneno yake yataandikwa kwa lugha gani, na nani, na yatakuwa yamebaki na nini yatakapofika mbele ya jaji? Huenda swali hili likaonekana dogo mbele ya mashauri ya mamlaka na mikataba. Historia ya pwani hii inaonyesha vinginevyo.

Charles et Georges

Pwani ya kaskazini ya Msumbiji ilijua mahakama za kimataifa mapema kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa Julai 1842 uliunda tume za pamoja za nchi hizo mbili, mojawapo ikiwa Cape Town, ili kuhukumu vyombo vilivyokamatwa vikisafirisha watumwa. Wapo wanahistoria wa sheria wanaoziona tume za aina hiyo kuwa mababu wa mahakama za leo za haki za binadamu. Mimi nakubaliana nao nusu tu. Tume hizo zilihukumu meli, hazikuhukumu watu. Chombo kilitaifishwa, waliokuwamo wakatangazwa kuwa huru, na nahodha akaachwa kwa nchi yake. Ushahidi wenye uzito ulikuwa karatasi za meli, mahali ilipokamatwa, na vifaa vilivyokutwa ndani: minyororo, mapipa ya maji kupita mahitaji ya mabaharia, mbao za kutengenezea sakafu ya ziada. Kwa utaratibu huo mahakama iliweza kufikia uamuzi bila kumuuliza mtumwa neno lolote.

Ndiyo maana shauri la Charles et Georges ni la pekee. Meli hiyo ya Kifaransa ilikamatwa na Wareno mwezi Novemba 1857 katika ghuba ya Conducia, jirani na Kisiwa cha Msumbiji. Ilikuwa na Waafrika zaidi ya mia moja. Nahodha wake, Rouxel, hakusema kwamba anabeba watumwa. Alisema anabeba wafanyakazi huru walioandikishwa kwa hiari kwenda Réunion, na ndani ya meli alikuwamo mjumbe wa serikali ya Ufaransa wa kulithibitisha hilo. Huo ndio ulikuwa mfumo wa wakati ule. Ureno ilikuwa imepiga marufuku kusafirisha watumwa nje ya makoloni yake tangu Desemba 1836, na wapanda miwa wa Réunion walihitaji mikono baada ya utumwa kufutwa katika himaya ya Ufaransa mwaka 1848. Ibo na bandari nyingine za pwani hii ziliendelea kutoa watu, kwa jina jipya.

Kila kitu basi kilisimama juu ya neno moja: hiari. Mfumo mzima ulitaka mtu aulizwe, kwa kupitia mkalimani, kama amekubali kwenda, naye ajibu ndiyo. Jibu hilo likishaandikwa kwa Kifaransa lilimgeuza mtumwa kuwa mkataba. Wareno walipowahoji upya waliokuwamo melini, walisema walichukuliwa bila ridhaa yao. Mahakama ya Msumbiji iliyapokea maneno hayo, ikamtia nahodha hatiani, na meli ikapelekwa Lisbon.

Kilichofuata kinajulikana zaidi katika historia ya diplomasia kuliko ya sheria. Oktoba 1858 serikali ya Napoleon III ilituma manowari katika Mto Tagus, mbele ya Lisbon. Ureno ilisalimu amri: meli ikarudishwa, nahodha akaachiwa, fidia ikalipwa. Uingereza, mshirika wa Ureno katika mkataba wa 1842, haikuingilia kwa nguvu. Ningependa msomaji aone mambo mawili hapa, kwa sababu huwa yanachanganywa. Ushahidi wa Waafrika wale haukushindwa mahakamani, ulishinda. Ulitupwa baadaye, na watu ambao hawakuwa na haja ya kuupinga, kwa kuwa walikuwa na mizinga. Kwa hiyo sidai kwamba lugha ndiyo kila kitu. Ninachodai ni kwamba bila mahojiano yale ya pili lisingekuwapo shauri kabisa.

Kuhusu wakalimani wenyewe, Wareno walikuwa na ofisa aliyeitwa língua do Estado, jina linaloweza kufasiriwa kuwa lugha ya dola au ulimi wa dola. Kazi yake haikuwa ya mdomo tu. Liazzat Bonate ameonyesha kwamba watawala wa kaskazini mwa Msumbiji waliandikiana na maofisa wa Kireno kwa hati za Kiarabu, mara nyingi kwa Kiswahili, na barua hizo zimo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya Maputo. Katika karne ya 19, kwa hiyo, dola ya kikoloni ililazimika kupokea Kiswahili kama lugha ya kumbukumbu. Karne ya 20 ililiondoa sharti hilo.

Mto unakuwa mpaka

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka wa makoloni yao. Februari 1887 Wareno waliipiga Tungi, katika ghuba ya Palma ya leo, kwa mizinga, katika ugomvi wao na Sultani wa Zanzibar kuhusu eneo hilo. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kusini ya mto, na Ureno ikairudishiwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu walewale wa pwani na uwanda wa juu, wenye ndugu ng'ambo zote mbili, walijikuta chini ya sheria mbili na lugha mbili za mahakama.

Hawakuacha kuvuka. Wamakonde walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakarudi na mshahara na msamiati. Neno uhuru lilivuka Ruvuma kwa njia hiyo. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliofika kwa mtawala wa Mueda mwaka 1960, walitokea Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960 umati uliokusanyika kuwasikiliza ulipigwa risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: kumbukumbu rasmi inataja 600, baadhi ya wanahistoria wanataja idadi ndogo sana. Ubishi huo ni matokeo ya moja kwa moja ya kutokuwapo uchunguzi wa kimahakama. Hapakuwa na jaji aliyeita mashahidi, na tunachojua kimetoka katika ripoti za watawala na katika masimulizi yaliyokusanywa baada ya ukombozi, wakati maana ya tukio ilikuwa imekwisha kuamuliwa.

Vita vya miaka kumi na sita navyo vilimalizwa kwa Mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, na siku kumi baadaye Sheria Na. 15/92 ikatoa msamaha. Sitaingia katika mjadala wa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Amani iliyopatikana ilikuwa ya kweli. Lakini athari yake kwa mada yetu ni dhahiri. Msumbiji iliingia katika vita vya Cabo Delgado ikiwa haina mazoea ya mahakama zake kupokea ushahidi wa raia kuhusu uhalifu wa kivita, kwa Kireno wala kwa lugha nyingine yoyote.

Arusha na The Hague

Mazoea hayo yalikuwa yamejengwa kwingine katika kanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba nchini Rwanda, ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ilihitaji ushirikiano wa nchi za Afrika tangu mwanzo. Zambia ilimkamata Oktoba 1995 na kumkabidhi kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha. Hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 hutajwa kwa kuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutambua kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Sisi wanaisimu tunayo sababu nyingine ya kuisoma. Majaji waliweka katika hukumu sehemu nzima kuhusu lugha ya ushahidi, wakisaidiwa na mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana.

Majaji waliona kwamba mashahidi hawakutenganisha siku zote walichokiona na walichokisikia, na kwamba jambo hilo lilitokana na desturi ya kupashana habari kwa mdomo, wala si dalili ya uongo. Walichunguza pia maneno ya Kinyarwanda yaliyotumiwa kueleza ubakaji. Shahidi mmoja alisema gusambanya, mwingine kurongora, mwingine kuryamana, mwingine gufata ku ngufu. Msemaji wa Kiswahili atalitambua neno nguvu katika hilo la mwisho, na pengine atapotoshwa na gufata, ambalo halihusiani kimaana na kufuata. Maana yake ni kushika au kuchukua. La kutazama zaidi ni kurongora. Kitenzi hicho hutumika kwa tendo la ndoa bila kuonyesha kama mwanamke ameolewa au hajaolewa, ameridhia au hakuridhia. Ridhaa haimo ndani ya neno. Majaji waliamua kuutazama muktadha na matendo ambayo shahidi aliyaeleza, na hapo ndipo mashtaka ya ubakaji yaliposimama.

The Hague nayo ilikutana na Kiswahili mapema. Kesi ya Thomas Lubanga, iliyofunguliwa Januari 2009, ilihusu watoto waliotumikishwa vitani huko Ituri, na neno kadogo lilirudi tena na tena katika ushahidi. Jopo lililazimika kuchunguza maana yake katika hukumu ya Machi 2012. Je, kadogo ni mtoto, au ni mdogo kwa cheo? Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kimeliweka neno hilo mahali pake, nalo halimo katika kamusi za Kiswahili sanifu kwa maana hiyo. Mfasiri aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi asingelipata huko. Kilichokuwa kinapimwa ni umri chini ya miaka 15, yaani mpaka kati ya kosa na lisilo kosa.

Niliolewa

Tuirudie sasa Cabo Delgado na mifano hiyo mkononi. Desemba 2021 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa tangu mwaka 2018, baadhi yao wakilazimishwa kuwa wake wa wapiganaji. Katika sheria ya kimataifa kosa hili limekwisha kupata jina. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen wa Uganda kwa makosa kadhaa, likiwamo la ndoa ya kulazimishwa, na rufaa yake ilikataliwa Desemba 2022.

Kiswahili kinatenganisha pande mbili za ndoa kwa kauli. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kauli ya kutendwa hapa ni ya kawaida kabisa. Bibi harusi mwenye furaha husema nimeolewa. Kwa hiyo mwanamke aliyetekwa akisema niliolewa na mmoja wao, sarufi haionyeshi shuruti. Anayemsikiliza kwa makini ataihisi katika maneno yanayolizunguka: nilichukuliwa, nilipewa, waligawana. Lugha ina nyenzo za kuidhihirisha, kama kuozwa na kuozeshwa, zinazomtaja aliyetoa mbali na aliyepokea. Lakini katika desturi mwenye kuoza ni walii, na mwanamke anaweza kusita kumpa mtekaji wake cheo cha baba yake. Wengi watasema niliolewa kwa sababu ndilo neno la heshima lililopo.

Mwandishi wa polisi au wa mahakama akiandika kwa Kireno, tafsiri iliyo karibu zaidi ni casei-me com um deles. Hapo mambo yamegeuka. Mtendwa wa Kiswahili amekuwa mtenda wa Kireno, kwa kuwa casar-se humfanya anayesema kuwa mwenye kufanya. Maelezo yameingia katika faili yakiwa yanadokeza hiari, na wakili wa utetezi atakayeyasoma miaka kumi baadaye ana haki ya kuuliza shuruti iko wapi. Hakuna aliyesema uongo hapo. Hata mkalimani hakukosea kwa vipimo vya kamusi. Ni kisa cha hiari ya Charles et Georges katika vazi jingine.

Neno la pili ni askari. Katika Kiswahili cha kila siku ni mwanajeshi, ni polisi, ni mlinzi wa ghala mwenye bunduki. Katika Cabo Delgado wamekuwapo wanajeshi wa Msumbiji, polisi, wanamgambo wa vijiji, majeshi ya Rwanda tangu Julai 2021, majeshi ya SADC kuanzia mwezi huohuo hadi mwaka 2024, na kabla yao kampuni binafsi za kijeshi. Wapiganaji wa uasi nao wameripotiwa kuvaa sare za serikali. Ripoti ya Amnesty International ya Machi 2021 ilizituhumu pande tatu kwa uhalifu wa kivita: waasi, vikosi vya serikali na kampuni ya Dyck Advisory Group. Shahidi akisema askari waliwapiga risasi, swali la kwanza la mwendesha mashtaka, yaani askari wa nani, halijajibiwa. Likifasiriwa soldados, litaonekana limejibiwa.

La tatu ni jina la waasi wenyewe. Wenyeji huwaita Al-Shabaab, na magazeti ya Kireno yamezalisha umbo machababos. Kikundi hiki si tawi la kile cha Somalia, ingawa jina ni moja. Asili yake ya Kiarabu ni vijana, na kwa Kiswahili sentensi walikuja vijana usiku inaweza kuwa taarifa ya umri au utambulisho wa kundi.

Kiswahili pia ni sehemu ya ushahidi kwa namna nyingine. Watafiti wa Msumbiji Habibe, Forquilha na Pereira, katika kazi yao ya mwaka 2019 kuhusu Mocímboa da Praia, wameeleza uhusiano wa kundi hilo na wafuasi wa Aboud Rogo, aliyeuawa Mombasa Agosti 2012. Mawaidha yanayorekodiwa kwa Kiswahili cha Mombasa husikilizwa bila shida Mtwara na Palma. Ruvuma, kwa sauti hizo, haikuwa mpaka. Imekuwa mpaka kwa faili za mahakama.

Kingo mbili, faili mbili

Oktoba 2018 mahakama ya mkoa mjini Pemba ilianza kusikiliza kesi ya watuhumiwa 189, wakiwamo raia wa Tanzania. Uamuzi ulipotolewa Aprili 2019, wengi waliachiwa kwa kukosekana ushahidi. Kesi iliendeshwa kwa Kireno, lugha rasmi ya Jamhuri kwa mujibu wa ibara ya 10 ya Katiba. Ibara ya 9 inazienzi lugha za taifa, Kimwani kikiwamo, lakini haizipi nafasi katika faili. Ng'ambo ya pili Bunge la Tanzania lilipitisha mwaka 2021 marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ushahidi wa mtu wa pwani unaweza kuandikwa kisheria kwa lugha aliyoitamka, au kwa lugha jirani na Kimwani chake, alimradi amesimama ukingo wa kaskazini.

Nalo limetokea tukio la kuhitaji faili zote mbili. Tarehe 14 Oktoba 2020 waasi walivuka mto na kushambulia Kitaya, mkoani Mtwara. Novemba mwaka huo wakuu wa polisi wa nchi hizo mbili walitia saini makubaliano ya operesheni za pamoja, na taarifa za habari za wakati ule zilitaja watu 516 waliokuwa wakishikiliwa Msumbiji ambao wangepelekwa Tanzania. Msingi wa kisheria wa ushirikiano wa aina hii upo: itifaki za SADC za mwaka 2002 kuhusu kurejesha wahalifu na kusaidiana katika masuala ya jinai. Duniani kwa jumla upo sasa mkataba uliokamilishwa Ljubljana Mei 2023 na kutiwa saini The Hague kuanzia Februari 2024, unaohusu hasa kusaidiana katika kuchunguza mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita.

Washauri wa sera huambiwa mara nyingi kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haina nafasi hapa, kwa kuwa Msumbiji ilitia saini Mkataba wa Roma wa mahakama hiyo Desemba 2000 na hadi leo haijauridhia. Kauli hiyo ni ya haraka mno. Tanzania iliridhia Agosti 2002. Kwa mujibu wa kifungu cha 12 cha mkataba, mahakama ina mamlaka juu ya raia wa nchi mwanachama popote walipotenda kosa, na juu ya kosa lolote lililotendwa katika ardhi ya mwanachama. Mtanzania aliyepigana Palma anaingia katika fungu la kwanza. Shambulio la Kitaya linaingia katika la pili. Upo pia uamuzi wa Septemba 2018 kuhusu Warohingya: Myanmar si mwanachama, Bangladesh ni mwanachama, na majaji waliona kwamba kosa la kuwafukuza watu kuvuka mpaka linakamilika upande wa pili. Ikiwa watu wa Palma walifukuzwa kwa mashambulizi hadi wakavuka Ruvuma, hoja hiyohiyo inaweza kujengwa. Itahitaji mashahidi waliovuka.

Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko zote. Julai 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kutoka Tanzania tangu Januari mwaka huo, kwa kupitia Negomano, na likalitaja hilo kuwa kurudishwa kwa nguvu. Tanzania ilikuwa na hofu za usalama ambazo baada ya Kitaya si za kubuni. Hata hivyo, kwa macho ya ushahidi, lililofanyika ni hili: mashahidi waliokuwa wamefika katika ardhi ya nchi mwanachama wa mahakama, katika ukingo ambao lugha yao inaeleweka na kuandikwa, walirudishwa kwenye ukingo ambao maneno yao yanapaswa kwanza kuwa Kireno.

Linganisha na shauri lililosafiri. Oktoba 2023 manusura na ndugu wa waliouawa Palma, raia wa Uingereza na Afrika Kusini, walifungua malalamiko nchini Ufaransa dhidi ya kampuni ya TotalEnergies. Machi 2025 waendesha mashtaka wa Nanterre walifungua uchunguzi. Kampuni inakanusha tuhuma hizo, na si kazi ya makala haya kuzipima. Naona tu kwamba ushahidi uliofika Ulaya ni wa watu wenye lugha ambazo Ulaya inazisoma. Wakazi wa Palma waliokimbilia msituni siku zilezile walikuwa wengi zaidi.

Yanayowezekana sasa

Kuna mambo ambayo hayasubiri mikataba mipya. La kwanza ni sauti. Maelezo ya shahidi yarekodiwe katika lugha yake, na rekodi hiyo ihesabiwe kuwa maelezo yenyewe, huku tafsiri ikibaki tafsiri. Vikao vya mahakama ya Rwanda vilirekodiwa, na kumbukumbu zake zinatunzwa Arusha. Tafsiri inapotiliwa shaka mtu anaweza kuurudia usemi. Faili la karatasi la Kireno halina mahali pa kurudi.

Pili, wakalimani. Kimwani, Kimakonde na Kimakua haviwezi kuendelea kufasiriwa na askari wa zamu anayekijua kidogo. Wasomi wa lugha hizi wapo Maputo, Nampula na Pemba. Wa Kiswahili wapo Dar es Salaam na Zanzibar. Faharasa ya pamoja ya maneno ya ushahidi, yenye maelezo ya muktadha kwa kila neno kama majaji wa Akayesu walivyofanya, ni kazi ya miaka miwili kwa watu wachache, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kongamano kama hili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019. Itifaki za 2002 zingeweza kuanza kukitumia katika maombi yanayovuka Ruvuma, badala ya kupeleka Kireno kaskazini na Kiingereza kusini kuhusu watu wasiosema hata kimoja.

Tatu ni mahali na wakati wa kuhoji. Wakimbizi wanapoandikishwa mpakani huulizwa jina, umri, kijiji, na mahitaji. Maelezo ya uhalifu ni kazi nyingine, inayohitaji faragha, ridhaa na mwanamke wa kumhoji mwanamke. Lakini orodha ya wanaotaka kueleza inaweza kuanza palepale, ili watafutwe wakiwa tayari. Kati ya waliopita Negomano mwaka 2021 wamo waliokuwa Palma wiki ile. Wamo wanawake ambao karatasi zao, kama zipo, zinasema waliolewa.